Usimmalize Farasi Kabla ya Kengele

Pita jioni kwenye mabanda ya farasi ya Karen au Tigoni, zikiwa zimebaki siku chache kabla ya mashindano ya kuruka vizuizi pale Jamhuri Park. Utamkuta mpandaji mmoja akirudia kizuizi kilekile mara ya kumi na mbili kwa sababu mara ya tatu farasi aliangusha ufito. Mwingine alibanwa na kazi mjini mwezi mzima, na sasa anapanda kila siku ili kufidia. Wa tatu aliambiwa ampumzishe farasi, naye ameitii amri hiyo neno kwa neno: mnyama amesimama chumbani tangu Jumatatu, anapewa nafaka ileile ya siku za kazi, anaupiga mlango kwa kwato. Wote watatu wanampenda farasi wao, na wote watatu watamfikisha uwanjani akiwa chini ya uwezo wake.

Mwongozo huu ni wako ikiwa una farasi mmoja au wawili, unashindana mara chache kwa mwaka, na unamtegemea saisi kwa kazi za katikati ya wiki. Shika jambo moja kabla hujaendelea: nguvu atakazotumia farasi Jumamosi zilijengwa miezi iliyopita. Ndani ya siku kumi za mwisho huwezi kumwongezea chochote cha maana. Unachoweza ni kumpunguzia, na hapo ndipo wengi huharibu.

Kwa nini kuchelewa hakufidiwi

Kazi humchosha farasi na kumwachia majeraha madogo yasiyoonekana katika misuli, kano na mifupa. Anapopumzika ndipo mwili huyaziba na kuongeza uimara kidogo kuliko wa awali. Ukimrudisha kwenye kazi ngumu kabla ukarabati huo haujaisha, unabomoa palipokuwa panajengwa.

Shida ni kwamba viungo vyake haviendi kwa kasi moja. Moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Misuli huchukua miezi. Kano na mifupa huhitaji nusu mwaka hadi mwaka mzima. Kwa hiyo kuna kipindi cha hatari ambapo farasi ana pumzi tele, jasho lake ni dogo, anaomba kukimbia, huku kano za miguu ya mbele zikiwa bado changa. Pumzi humdanganya mpandaji. Farasi akipiga shoti, joto ndani ya ile kano kubwa iliyo nyuma ya mguu wa mbele hupanda hadi nyuzi 45 za Selsiasi, na kano haina damu ya kutosha kulipoza. Ikichanika, uuguzi wake huhesabiwa kwa miezi, mara nyingi kukaribia mwaka, na haipati tena uimara wake wa kwanza.

Kisha kuna akiba ya sukari ndani ya misuli, ile iitwayo glaikojeni. Mkimbiaji wa Iten akimaliza mazoezi makali na kula vizuri, akiba yake hujaa tena kwa takriban siku moja. Farasi huhitaji siku mbili hadi tatu. Kumwongezea nafaka hakuharakishi sana kazi hiyo, na kunaweza kumletea msokoto wa tumbo. Shoti kali ya Alhamisi, basi, ni deni ambalo Jumamosi asubuhi halijalipwa.

Na ile hofu kwamba atapoteza mazoezi yake? Farasi aliyeandaliwa vizuri akipewa wiki mbili za kazi nyepesi, pumzi yake haipungui kiasi cha wewe kuhisi ukiwa juu ya tandiko. Utakachohisi ni kwamba ana hamu. Hamu hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta kwa mjeledi.

Hesabu kuanzia siku ya mashindano kurudi nyuma

Chukua karatasi, andika siku ya mashindano chini kabisa, kisha panda juu siku baada ya siku. Tuseme unashindana Jumamosi na Jumapili katika kuruka vizuizi vya kimo cha mita moja. Jumamosi iliyotangulia ndiyo siku yako ya mwisho ya kazi nzito: njia kamili, vizuizi vya kimo cha mashindano, pamoja na kile kinachomtia farasi wako wasiwasi. Akikosea siku hiyo bado unazo siku za kuwaza, na yeye anazo siku za kupona. Jumapili hawekewi tandiko; anakwenda malishoni asubuhi na kurudi jioni. Jumatatu mtembeze saa nzima kwenye njia za udongo, hatamu zikiwa legevu, apande na kushuka vilima bila haraka. Jumanne fanya kazi bila vizuizi kwa dakika 40 au 45: miduara, kubadili mwendo kutoka troti hadi kanta na kurudi, kumnyoosha shingo.

Jumatano ndiyo siku ya majaribu, na majaribu ni yako. Unaruhusiwa kuruka, lakini weka vizuizi vidogo na uviruke mara kumi au kumi na tano kwa jumla, ukihesabu na vile vya kupasha mwili joto. Akiruka vizuri mara ya sita, shuka. Mpandaji mwenye woga huruka tena ili kujituliza moyo wake mwenyewe, na kila mruko wa namna hiyo hulipwa na miguu ya farasi. Kama wewe ni mtu wa aina hiyo, mpe saisi ufito mmoja aushike mkononi na umwambie mapema autoe uwanjani ukifika mruko wa kumi na tano. Alhamisi fanya kazi nyepesi ya nusu saa, au mtembeze tu. Ijumaa ni safari, na safari nayo ni kazi, kama utakavyoona.

Ratiba hiyo ni fremu. Farasi ndiye anayeamua itakavyojazwa. Si wachache kati ya farasi wanaoruka vizuizi Kenya ambao walianza maisha kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, na mwenye damu ya namna hiyo akinyimwa kazi siku mbili mfululizo huanza kuona majini kwenye kila kichaka. Kwake, Alhamisi na Ijumaa zinahitaji matembezi marefu, hata mara mbili kwa siku, asubuhi chini ya tandiko na jioni kwa kamba. Mpunguzie ukali wa kazi, lakini muda wa kutembea usiuguse. Yule mzito, mpole, anayeonekana mvivu, ni kinyume chake. Huyo ukimfanyisha kazi Alhamisi kwa kudhani unamwamsha, Jumapili atakuwa ameishiwa. Mwache kabisa Alhamisi, kisha Ijumaa mpe kanta fupi mbili tatu ili damu izunguke.

Kwa mashindano ya siku tatu, yenye dresaji, mbio za nyikani na vizuizi, mzunguko wa siku ni mpana zaidi. Waandaaji wengi wa farasi hao hupanga shoti za vipindi, yaani dakika kadhaa za mbio, kutembea kidogo, kisha mbio tena, na huziweka kila baada ya siku tatu au nne. Kipindi cha mwisho cha aina hiyo kisiwe karibu na mbio za nyikani kuliko siku tano. Baada ya hapo, ukitaka kumfungua kifua siku mbili kabla, mita mia chache za mbio zisizo za kasi kamili zinatosha.

Viatu vya chuma vibadilishwe wiki moja hadi siku kumi kabla, si siku moja kabla. Msumari uliokaribia nyama hujitangaza baada ya siku mbili tatu, na ni afadhali ujitangazie nyumbani. Chanjo nayo isiwekwe ndani ya wiki ya mashindano. Kwa ile ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, daktari wa mifugo akuambie farasi akae kwenye kazi nyepesi kwa muda gani baada ya sindano, kisha upange kalenda ya mwaka mzima kwa kuzingatia muda huo.

Kusimama chumbani si kupumzika

Farasi akiachwa huru malishoni hutumia sehemu kubwa ya siku akila huku akitembea, hatua mbili tatu, kinywa chini, hatua nyingine. Mwili wake umeumbwa kwa mwendo huo. Miguu yake haina misuli chini ya goti. Kwa sababu hiyo, maji ya mwilini hupandishwa na kwato inapokanyaga na kuinuka. Mfungie siku mbili na utaona vifundo vyake vimejaa asubuhi, ngozi imevutika, alama ya kidole inabaki ukibonyeza. Kwa hiyo siku ya kupumzika maana yake ni siku isiyo na mpandaji, farasi akiwa nje. Kama banda lako halina malisho ya kutosha, na mengi ya Nairobi hayana, basi atembezwe kwa kamba dakika 30 asubuhi na 30 jioni na aachwe ale majani kandokando ya njia.

Jua la magharibi likianza kushuka, mrudishe ndani. Visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika huruka zaidi kuanzia machweo hadi macheo, na hatari yake hupanda baada ya mvua kubwa. Kulala nje usiku, jambo zuri kwa farasi wa Uingereza, si jambo la kuiga bila kufikiri kwenye bonde lenye maji la hapa kwetu.

Usingizi watu huusahau kabisa. Farasi anaweza kusinzia akiwa wima kwa sababu miguu yake ina mfumo wa kujifunga, lakini usingizi mzito, ule wenye ndoto, haupati mpaka alale chini. Anahitaji takriban nusu saa hadi saa moja ya huo kwa siku, kwa vipande vifupi, na hatalala chini asipojihisi salama. Ingia chumbani mwake alfajiri kabla saisi hajampiga brashi, utazame ubavu, goti na mkia. Ukikuta vumbi la mbao au nyasi za malalo zimenasa kwenye mkia na ubavu, alilala. Ukikuta yu msafi siku tatu mfululizo, na mbele ya vifundo vya miguu ya mbele kuna michubuko, inawezekana alikuwa anaporomoka akisinzia wima. Tafuta sababu: malalo membamba, jirani mgomvi, mbwa wanaobweka usiku kucha, taa isiyozimwa, au maumivu yanayomfanya aogope kuinuka. Farasi asiyelala hawezi kuokolewa na ratiba yoyote ya mazoezi.

Nafaka ifuate kazi

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mahali ambapo pumziko lenyewe linaweza kumdhuru farasi.

Enzi ambazo miji ya Ulaya ilitegemea mikokoteni, farasi walifanya kazi siku sita na kupumzika Jumapili, huku wakipewa nafaka yao yote kama kawaida. Jumatatu asubuhi baadhi yao walifungwa kwenye mkokoteni, wakaenda hatua mia kadhaa, wakakakamaa. Wenye mikokoteni wakauita ugonjwa wa Jumatatu. Mikokoteni imekwisha, ugonjwa upo. Misuli ya mgongo na mapaja hubana na kuanza kuvunjika. Farasi hutoka jasho lisilolingana na kazi, hatua zake hufupika nyuma, kisha anakataa kusogea. Ukimgusa matakoni, pagumu. Mkojo ukitoka na rangi ya kahawa, ni mabaki ya misuli yanayopita kwenye figo, na figo zinaweza kuharibika.

Hilo likikutokea, shuka papo hapo. Usimtembeze ili “alegee”. Kila hatua inaongeza uharibifu. Mfunike mgongo kama kuna baridi, mpe maji anywe kwa hiari yake, mpigie daktari wa mifugo, na kama mko mbali na banda, gari limfuate alipo.

Kuepuka ni rahisi kuliko kutibu. Jioni inayotangulia siku ya mapumziko, punguza nafaka na chakula cha mchanganyiko hadi nusu au chini ya hapo, na uongeze nyasi kavu. Irudishe taratibu akirejea kazini. Kwa farasi wa kilo 500, nyasi kavu zisipungue kilo saba na nusu kwa siku, na kumi ni bora zaidi. Boma rhodes iliyokatwa kabla haijakomaa sana inafaa, pamoja na lusani kiasi. Nyasi ndizo zinazolinda tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, ale asile, na farasi anayepandishwa akiwa tumbo tupu hurushiwa asidi hiyo kwenye sehemu ya juu isiyo na kinga. Mpe konzi kadhaa za lusani nusu saa kabla ya kupanda, hata siku ya mashindano. Imani kwamba farasi wa mashindano afunge kula ni ya zamani na haina faida.

Chumvi ya mezani ya kawaida isikose: gramu 30 kwa siku kwa farasi wa kilo 500, na zaidi siku za jasho jingi. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko la mtu, ndiyo maana likikauka huacha ukungu mweupe shingoni. Usibadilishe aina ya chakula wiki ya mashindano hata kama jirani amekusifia mfuko mpya.

Anachokuambia asubuhi

Kila asubuhi, saa ileile, kabla ya chakula, pima mambo matatu na uyaandike ubaoni mlangoni. La kwanza ni mapigo ya moyo. Tafuta mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya, uubane kwa vidole viwili bila kutumia kidole gumba, uhesabu sekunde 30, kisha uzidishe kwa mbili. Farasi mzima aliyetulia hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika. Namba ya jumla haina maana kubwa kama ile ya farasi wako mwenyewe. Anayepiga 34 kila siku na leo amepiga 46 kabla hajaona ndoo ya chakula, ana jambo: maumivu, homa, au uchovu wa siku zilizopita. La pili ni joto la mwili, ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Katika nchi za kupe na visubi, kipimajoto cha bei ndogo ni kifaa cha mashindano sawa na tandiko, kwa kuwa homa ya kupe huanza na joto na uvivu ambao mpandaji huudhania kiburi.

La tatu ni miguu, na hapa mikono ndiyo chombo. Chuchumaa ubavuni, usipige magoti. Shika miguu yote miwili ya mbele kwa wakati mmoja, mkono wa kulia mguu mmoja na wa kushoto mwingine, uteremke polepole kutoka gotini hadi kifundoni ukifuata kano za nyuma. Unatafuta tofauti kati ya pande mbili: joto kidogo, unene wa karatasi mbili tatu, au mahali anapouvuta mguu ukibonyeza. Viganja vya saisi aliyefanya hivi kila siku kwa miaka vinajua kabla ya mashine ya daktari. Kama mzee wa banda akikuambia, “Mwanangu, leo usimpande, mguu una moto,” usimjibu kwamba umeshalipa ada ya mashindano.

Usilifukuze joto hilo kwa dawa ya maumivu ili mradi mfike Jumamosi. Fenilbutazoni huziba kilio cha kano lakini haiiponyi kano, na chini ya kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, farasi haruhusiwi kushindana akiwa nayo mwilini.

Baada ya kazi pia kuna cha kupima. Wapandaji wa masafa marefu wanalijua hili vizuri kuliko sisi wa vizuizi: kwenye vituo vyao vya ukaguzi, farasi ambaye moyo wake haujashuka hadi mapigo 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa haendelei. Huhitaji mashindano ya kilomita 80 ili utumie kipimo hicho. Dakika kumi baada ya kanta zako za Jumanne, hesabu. Kama wiki iliyopita alishuka chini ya 60 na leo yuko 72 kwa kazi ileile na hali ya hewa ileile, umempata mchovu kabla hajakuonyesha kwa kukataa kizuizi. Futa kazi ya Jumatano, mpe matembezi.

Ishara nyingine haziandikwi kwa namba. Anabakiza chakula. Anageuza matako unapoingia na tandiko. Anasaga meno ukimfunga mkanda wa tumboni. Wapandaji wengi huita hayo jeuri na kuongeza kazi, yaani wanamwadhibu kwa kusema ukweli.

Majira nayo hubadili mpango. Januari na Februari, ardhi ya nyanda za juu inapokauka na kuwa kama sakafu, ongeza siku za kutembea na uondoe kabisa shoti. Heri farasi mwenye pumzi pungufu kidogo kuliko mwenye kwato zilizochemka. Kwa mnaotunza farasi Muscat au Dubai, adui mkubwa ni joto. Maandalizi ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 yaliwafanya watafiti wa farasi wachunguze joto kwa makini, na yale waliyoyapata bado yanatumika: mmwagie maji baridi mengi mwili mzima, mara kwa mara, na umtembeze kivulini katikati. Maji baridi hayamkakamazi misuli farasi mwenye joto kali, ingawa bado utakutana na wazee watakaokuapia kwamba humkakamaza.

Njiani na uwanjani

Ndani ya gari farasi hasafiri kama mzigo. Hukaza miguu na mgongo kila kona na kila breki, na kutoka Gilgil au Molo hadi Nairobi, pamoja na malori ya barabara ile ya bondeni, hizo ni saa kadhaa za kazi ya misuli. Msafirishe siku moja kabla. Usimfunge kichwa juu safari nzima. Farasi asiyeweza kuinamisha kichwa hawezi kukohoa vumbi nje, na vumbi hilo huishia mapafuni. Lowesha nyasi unazomning'inizia. Safari ikizidi saa nne, simameni, anywe, ainamishe kichwa. Akifika, mtembeze kwa kamba, mwache aone bendera na spika, ale. Kwa farasi wengi, hiyo ndiyo kazi yote ya Ijumaa. Anayetoka Nairobi kwenda kushindana Timau au Molo, anapanda mamia ya mita, kwa hiyo siku ya kwanza apashe mwili joto taratibu zaidi na arukishwe kidogo.

Siku yenyewe, mashindano mengi hupotezwa kwenye uwanja wa kupashia joto. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, na theluthi yake iwe kutembea. Ruka vizuizi vinane, tisa, basi. Panga muda wako ukimtazama mpandaji wa sita au wa saba kabla yako, ili mruko wa mwisho uwe dakika chache tu kabla ya kuitwa. Kengele ikilia unazo sekunde 45 za kuanza. Usizitumie kumkimbiza ovyo ili “kumwamsha”.

Kama una madaraja mawili ya kushindana siku moja, tandiko litoke katikati, mkanda usibaki umekaza. Maji, nyasi, kivuli. Jiulize mapema kama daraja la tatu lina haja, au umejiandikisha kwa sababu ada ilikuwa nafuu. Jumamosi jioni shika tena ile miguu miwili ya mbele, kwa mikono yote miwili, na uamue Jumapili kwa unachokihisi pale.

Mkirudi nyumbani, nafaka ishuke hadi nusu, usiku uleule. Jumatatu awe malishoni. Jumanne saisi amkimbize troti kwa kamba kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare, mstari ulionyooka, wewe ukisimama mbele na kisha nyuma. Ukiona kichwa kinapanda na kushuka kwa hatua isiyolingana, mwite daktari kabla hujajaza fomu ya mashindano yajayo. Ukiona yuko sawa, kazi nyepesi kuanzia Jumatano, na vizuizi visubiri hadi wiki inayofuata.